Mkutano wa ukoo kwa video: Zoom, Google Meet au Jitsi? (Wazee wako Mumias)

Katibu_wa_Ukoo · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Mulembe wote. Mimi ni katibu wa chama cha ukoo wetu. Mkutano mkuu wa mwaka huu kamati imeamua ufanywe kwa video ili walio mbali nao washiriki, maana mwaka jana waliofika hawakutosha hata kupitisha hesabu. Nimekabidhiwa KSh 35,000 za vifaa na malipo yote. Mmoja kwenye kamati anataka tulipie Zoom, mwingine anasema Google Meet ni ya bure, na mpwa wangu ameshikilia Jitsi. Mkutano ni Jumamosi, wiki tatu kutoka sasa. Nichukue ipi? Naomba mwenye uzoefu anijibu kabla sijatoa pesa.

Fundi_Kondele · saa 2:31 usiku

Omera, hapo umeulizia bei ya shati bila kusema litavaliwa na nani. Pesa usitoe kwanza. Mko wangapi, na kati yenu wangapi wataingia kwa simu zao na wangapi watakaa ukumbi mmoja? Mtandao wa huko ni faiba (kebo ya intaneti) au ni laini ya simu? Stima ikipotea kuna jenereta? Mkutano wenu huchukua muda gani? Usipotuambia hayo, kila mtu hapa atakutajia ile anayotumia yeye.

Nyota_Section58 · saa 2:44 usiku

Katibu, chukua Zoom. Chama chetu cha akina mama hapa Nakuru kiko Zoom tangu 2020 na hatujajuta. Ile ya bure hukata baada ya dakika 40, lakini ukilipia mwezi mmoja tu mkutano unaweza kwenda hadi saa 30 na watu 100. Lipia mwezi wa mkutano, kisha usitishe. Tuna mama wa miaka 74 anayeingia mwenyewe bila kushikiwa simu na mjukuu. Na mtandao ukidhoofika, picha huwa mbaya lakini sauti hubaki. Hilo ndilo nimelipenda kuliko yote.

Kijana_wa_Maseno · saa 3:02 usiku

Kulipia kitu ambacho kinapatikana bure sioni maana, dada. Jitsi haikati kwa dakika 40. Mgeni hahitaji kufungua akaunti wala, kama ana kompyuta, kusakinisha chochote: anabonyeza kiungo, kinafunguka kwenye kivinjari, anaandika jina lake, ameingia. Ilianza 2003 kama kazi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Strasbourg huko Ufaransa, Emil Ivov, na msimbo wake uko wazi hadi leo. Mwenye ujuzi anaweza kuweka seva yake mwenyewe, yaani kompyuta inayopokea na kugawa mazungumzo, mazungumzo ya ukoo yasipite kwenye seva ya kampuni yoyote ya nje. Kwa chama kinachojadili pesa na mashamba, hilo ni jambo kubwa.

Nyota_Section58 · saa 3:09 usiku

Sema yote basi. Kwenye meet.jit.si, tangu Agosti 2023 anayefungua mkutano lazima aingie kwa akaunti ya Google, Facebook au GitHub. Na hiyo seva yake mwenyewe ataiweka nani huko Mumias? Wewe utatoka Maseno uende?

Kijana_wa_Maseno · saa 3:12 usiku

Nitaenda. Niko tayari kabisa, katibu akiniita.

Karani_Kapsabet · saa 3:20 usiku

Chamgei. Msisahau Meet. Karibu kila simu ya Android tayari ina akaunti ya Google, kwa hiyo hakuna kufundishana kujisajili. Ya bure ni watu 100, dakika 60 mkizidi wawili. Dakika zikiisha mnarudi kwa kiungo kilekile.

Mkulima_Njoro · saa 3:38 usiku

Mnamzungusha mtu bure. WhatsApp kila mtu anayo, hata shangazi yangu asiyejua kusoma hubonyeza ile kamera akaniona. Kwa nini mwanaukoo afundishwe kitu kipya kwa sababu ya siku moja?

Fundi_Kondele · saa 3:41 usiku

WhatsApp mwisho ni watu 32 kwa video. Ndiyo maana niliuliza idadi, na mwenye swali bado hajajibu.

Katibu_wa_Ukoo · Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Samahanini, nilikuwa njiani bila mtandao. Wanachama ni 61. Wazee na akina mama wa nyumbani kama 25 watakaa ukumbi mmoja, ni ukumbi wa kanisa wa paa la mabati, hauna dari. Waliobaki wako Kisumu, Nakuru, Nairobi, watatu Qatar na wanne Minnesota. Nimehesabu vifaa vitakavyoingia ni kama 36. Faiba haijafika kwetu, tunatumia laini za simu. Stima ipo lakini si ya kutegemea, jenereta tutaazima. Mkutano huanza saa tisa mchana na huchukua saa tatu, mwaka wenye mambo ya shamba hufika nne. Ajenda kubwa mwaka huu ni kupiga kura kama tutauza kile kipande cha barabarani. Laptopu ninayo, runinga ya inchi 43 tumeahidiwa.

Mwalimu_Mstaafu · Jumanne, saa 3:15 asubuhi

Katibu, nimesoma "saa tisa mchana", nimesoma "mabati", nimesoma "hauna dari", na nimesoma "kura". Kaa kitako nikusimulie yaliyotupata, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti siku hiyo.

Sisi ni chama cha walimu wastaafu upande wa Butere. Aprili mwaka juzi tulifanya mkutano wa namna hii hii. Waliokuwa ukumbini walikuwa kama thelathini, na kumi na moja walikuwa kwenye mtandao. Laptopu tuliiweka juu ya meza mbele, tukategemea maiki yake iliyo ndani. Tulianza saa nane vizuri kabisa, tukasalimiana na wenzetu wa Nairobi, watu wakapiga makofi kuwaona. Saa tisa na nusu ikaja mvua. Ninyi mnaoishi upande huu mnaijua mvua ya jioni ya huku: haianzi kwa manyunyu, inaangushwa kama gunia. Ndani ya ukumbi wa mabati ilikuwa tunapigiana kelele masikioni, mtu na jirani yake. Maiki ya laptopu haikuchukua kingine ila ngurumo ya mabati.

Na hapo ndipo tulipokuwa kwenye kura ya kununua kiwanja kwa akiba yetu. Niliuliza, "Nani anakubali?" Watu wakanyoosha mikono, tukahesabu. Kisha nikauliza, "Nani anapinga?" Wenzetu wa mtandaoni lile swali la kwanza hawakulisikia kabisa. Walichoona ni watu wachache wamenyoosha mikono kwa swali la pili, wakadhani ndiyo kura ya kukubali imeanza, nao wote kumi na mmoja wakanyoosha. Katibu akawahesabu kuwa wamepinga. Pendekezo likaanguka. Dakika tano baadaye stima ikapotea, ruta ikazima, na mkutano ukaishia hapo bila mtu kupata nafasi ya kusema "hapana, hatukusikia".

Kile kiwanja kikanunuliwa na mtu mwingine wiki iliyofuata. Tulilaumiana miezi minne. Wa Nairobi walisema tumewaibia kura, wa nyumbani wakasema wenzao wamegeuka. Kuna rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, tuliyeoana siku moja katika kanisa moja, yeye na mkewe, mimi na wangu. Hadi leo tukikutana sokoni hunipita kama mti.

Kwa hiyo sikuambii Zoom wala Jitsi. Nakuambia: kura iitwe kwa majina, mmoja mmoja, na kila aliye mbali ajibu kwa sauti na pia aandike jibu lake kwenye sehemu ya ujumbe. Na usiuweke mkutano wakati wa mvua.

Nyota_Section58 · saa 3:40 asubuhi

Pole sana, Mwalimu. Nimeisoma mara mbili.

Binti_wa_Minneapolis · Jumanne, saa 5:02 asubuhi (huku ni saa tisa usiku, ndiyo nimetoka zamu)

Habari za nyumbani. Mwalimu, maneno yako ni mazito, lakini mkiuhamishia asubuhi mnatufungia nje sisi wa huku. Kwa sasa tuko nyuma yenu kwa saa nane, na saa za majira ya baridi zikianza Novemba zitakuwa tisa. Saa tatu asubuhi ya Mumias ni saa saba usiku kwetu. Saa tisa mchana wenu ni saa moja asubuhi yetu, mtu ameamka ana akili. Katibu, hao wanne wenu wa Minnesota wengine bila shaka wanafanya kazi za hospitali kama mimi. Waulizeni kabla ya kubadilisha saa.

Mwalimu_Mstaafu · saa 5:30 asubuhi

Na ukiusogeza saa moja jioni, binti yangu, wazee watarudi nyumbani gizani kwenye matope. Wapo wanaotembea kilomita nne.

Karani_Kapsabet · saa 5:34 asubuhi

Saa sita mchana je? Mvua bado, na Minnesota ni saa kumi alfajiri.

Binti_wa_Minneapolis · saa 5:36 asubuhi

Saa kumi alfajiri nitaamka kwa ajili ya mazishi. Kwa mkutano wa saa nne sijui.

Fundi_Kondele · Jumanne, saa 7:20 mchana

Sasa tumepata kitu cha kufanyia kazi. Naandika kwa kirefu kwa sababu nimeona watu wanabishana juu ya jina la programu, na tatizo la katibu haliko kwenye programu.

Angalieni kazi inavyofanyika. Kamera ya kawaida ya pikseli 640 kwa 480, rangi ya biti 24, picha 30 kila sekunde: zidisha, utapata megabiti 221 kwa sekunde. Hakuna laini ya simu Mumias itakayobeba mzigo huo. Ndiyo maana programu huibana kwanza. Haitumi picha nzima kila mara. Inatuma picha moja kamili, halafu baada ya hapo inatuma tu kile kilichobadilika. Ukuta nyuma ya mzee haujasogea, hautumwi tena. Midomo yake imesogea, inatumwa. Hivyo zile megabiti 221 zinashuka hadi kama 0.6, ambazo ndizo Zoom wenyewe wanazitaja kwa mazungumzo ya watu wawili yenye picha nzuri.

Jambo la kwanza la kufanya haligharimu hata shilingi: wazee wakae mbele ya ukuta mtupu. Nimeona watu wakiweka kamera ielekee nje, nyuma kuna migomba na upepo unavuma. Kila jani likitikisika ni badiliko, na kila badiliko linatakiwa kutumwa. Mtandao ule ule uliokuwa ukitosha unashindwa, uso wa mtu unakuwa miraba miraba.

Baada ya kubanwa, video inakatwa vipande vidogo, pakiti, kila moja inasafiri yenyewe. Ukituma barua pepe na pakiti ikapotea, kompyuta inaiomba irudiwe. Kwa maongezi ya papo hapo haifai, kwa sababu neno likifika baada ya sekunde mbili mazungumzo yameshasonga. Kwa hiyo programu hizi zote kwa kawaida hutumia njia isiyosubiri marudio, UDP. Kilichochelewa kinatupwa. Ndiyo ile sauti ya kukatika-katika, au mtu anaganda mdomo wazi halafu anaruka mbele. Kipimo cha kimataifa cha simu kinataka sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150. Ikichelewa sana kupita hapo, watu wanaanza kuingiliana maneno kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza.

Na msipime kasi ya kupakua peke yake. Watu huniambia "mtandao wangu una megabiti 20", ukiangalia, 20 ni za kuingia, za kutoka ni moja. Ukumbi wenu ndio unaotazamwa na watu 35, kwa hiyo kinachohesabika ni kasi ya kutoka. Tena ipimwe Jumamosi, saa ile ile ya mkutano, ndani ya ukumbi ule ule. Mnara wa simu ni wa kugawana. Jumatano asubuhi utakupa matokeo ya kukudanganya. Nunua laini mbili za kampuni tofauti. Kwa kiwango hicho cha kilobiti 600 kwenda na 600 kurudi, saa moja inakula megabaiti 540, saa tatu ni gigabaiti 1.6. Wenye video wakiwa wengi itapanda. Weka bando la gigabaiti 5 usiwe na wasiwasi. Wenye bando dogo wazime kamera zao: sauti peke yake ni kilobiti 80 hivi, yaani megabaiti 36 kwa saa kila upande.

Nimalizie na sauti. Watu wanaweza kumaliza mkutano mzima na picha mbovu, lakini sauti mbovu haivumiliki hata dakika kumi. Zile pesa zote zipeleke kwenye sauti ya ukumbi.

Kijana_wa_Maseno · saa 7:48 mchana

Fundi umeeleza vizuri. Naongeza moja, kwa sababu mtu atauliza mbona simu ya mtu haizidiwi wakiwa 36. Kama kila mmoja angetuma video yake moja kwa moja kwa wenzake wote, angetuma mara 35. Badala yake unatuma mara moja kwa seva, nayo inawagawia wengine. Jitsi mkiwa wawili mnaunganishwa moja kwa moja, akiingia wa tatu tu kazi inahamia kwenye seva. Na kwenye kivinjari Jitsi na Meet zinapita kwenye WebRTC, njia ya kupitisha sauti na video ndani ya kivinjari chenyewe, ambayo Google waliifungua kwa wote 2011 na ikawa kiwango rasmi cha wavuti Januari 2021.

Mzee_wa_Saiba · Jumanne, saa 10:15 jioni

Vijana mmenikumbusha mbali. Nilikuwa na saiba, duka la intaneti, Kisumu, karibu na stendi, mwaka 2004. Wakati huo Kenya haikuwa na kebo ya baharini hata moja. Intaneti yote ilikuwa inapanda setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, kisha inashuka Ulaya au Marekani. Kupanda na kushuka ni karibu kilomita 72,000, mwanga wenyewe unahitaji kama robo ya sekunde. Ukiuliza na kujibiwa, nusu sekunde imekwisha kabla ya kuhesabu ucheleweshaji mwingine. Akina mama walikuwa wanakuja kuongea na watoto wao Marekani kwa kamera ndogo niliyoifunga juu ya monita, na mama anaita "Baba, unanisikia?", anarudia kabla jibu halijafika, majibu mawili yanagongana. Niliwafundisha: sema, kisha hesabu hadi mbili. Kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa 2009 nilihisi tofauti, japo ilichukua muda kufika kwetu.

Kijana_wa_Maseno · saa 10:22 jioni

Mzee wangu, mlitumia nini? Skype?

Mzee_wa_Saiba · saa 10:40 jioni

Skype ilikuwa ya mwaka mmoja tu wakati huo na ilikuwa ya sauti peke yake. Video tulitumia ile ya Yahoo. Nayo Skype sasa imefungwa, Mei 2025. Vitu hivi vinazaliwa na kufa. Programu ya video ya CU-SeeMe ya Chuo Kikuu cha Cornell, ya 1992, ilikuwa inaonyesha picha nyeusi na nyeupe tu, na nani anaikumbuka? AT&T walianza kuuza simu ya video pale Pittsburgh 1970, dola 160 kwa mwezi, watu wakakataa. Kwa hiyo katibu, usinunue kifaa kinachofanya kazi na programu moja tu. Nunua maiki na kamera za USB, zitakazokubali programu yoyote itakayokuja.

Mkulima_Njoro · saa 11:05 jioni

Setilaiti za siku hizi ni tofauti. Jirani yangu amefunga Starlink, iko Kenya tangu Julai 2023. Zile ziko kama kilomita 550 tu juu, hakuna kusubiri. Katibu aazime moja.

Fundi_Kondele · saa 11:11 jioni

Inafaa, nimezifunga mbili Ahero. Ila mvua kubwa ikishuka mawimbi hudhoofika, na sahani inataka stima muda wote. Mwalimu ametuambia mvua na stima huja pamoja.

Mama_Kuria_Nakuru · Jumanne, saa 3:10 usiku

Niulize la adabu, maana naona mnaongea mashine tu. Kwenye mikutano hii kuna kile kitufe cha mwenyeji kuzima maiki ya mtu. Katibu ni kijana wa ukoo. Atamzimia mzee wa miaka themanini maiki akiwa katikati ya maneno? Kwetu ilifanyika, mzee alitoka ukumbini, na ilibidi apelekewe watu wa kumwomba msamaha.

Karani_Kapsabet · saa 3:18 usiku

Mwenyeji wa mitambo asifanye. Mwenyekiti ndiye atoe amri, kwa mdomo wake, na kanuni isomwe mwanzoni kabla ya maombi.

Mwalimu_Mstaafu · saa 3:25 usiku

Hata mwenyekiti asikimbilie kitufe. Mzee ana namna yake ya kufikia jambo: anaanza kwa babu zake, anapita kwenye vita, anakuja kwenye shamba. Ukimkata kwenye vita hutasikia la shamba, na la shamba ndilo mlilomwitia. Mpeni muda. Kama bando linaisha, ongezeni bando.

Nyota_Section58 · saa 3:33 usiku

Mwalimu, na wa Qatar aliye na ruhusa ya saa moja kazini? Yeye naye ni mwanaukoo. Sisi tuna dakika tano kwa kila msemaji, mzee au kijana, na mshika saa ni mama mzee kuliko wote. Hakuna aliyewahi kununa.

Mwalimu_Mstaafu · saa 3:36 usiku

Mshika saa awe mzee. Hilo nalikubali.

Katibu_wa_Ukoo · Jumatano, saa 2:30 usiku

Asanteni sana, nimewasomea kamati yote haya kwa simu. Tumekubaliana mambo mawili: kura itaitwa kwa majina, na tutafanya majaribio Jumamosi hii saa tisa, ndani ya ukumbi, mvua inyeshe isinyeshe. Programu bado tumegawanyika, kwa hiyo siku ya majaribio tutafungua Zoom dakika 40 za bure kisha Jitsi dakika 40. Swali langu sasa ni sauti. Kanisa lina mixa (mashine ya kuchanganya sauti za maiki) na maiki nne za waya. Duka moja Kisumu wameniambia nichukue ile spika ya mviringo ya kuweka mezani, yenye maiki ndani. Kipi?

Fundi_Kondele · saa 2:45 usiku

Ile ya mezani ni nzuri, inafuta mwangwi yenyewe, lakini ni ya watu sita wanaozunguka meza. Mzee aliye benchi la tano hatasikika. Tumia mixa ya kanisa. Maiki moja tu iwe wazi, ipitishwe mkono kwa mkono, asiye na maiki asiongee. Waya utoke kwenye mixa uingie laptopu. Chunga jambo moja: sauti za walio mbali zikitoka kwenye laptopu kwenda spika za ukumbi, zisirudi kwenye ule waya unaoingia laptopu. Zikirudi, mtu wa Qatar atajisikia mwenyewe akirudia kila neno baada ya sekunde moja, hataweza kuongea. Na simu zote za ndani ya ukumbi zilizoingia mkutanoni zizimwe maiki NA spika. Zikibaki mbili wazi zikikaribiana mtasikia mlio wa kupasua masikio.

Nyota_Section58 · saa 2:58 usiku

Mixa inataka mtu anayeijua, Fundi. Akikosekana siku hiyo? Mimi ningenunua mbili za mezani, moja mbele, moja katikati.

Fundi_Kondele · saa 3:01 usiku

Mbili zisizounganishwa zitasikilizana zenyewe, dada. Huo ndio mwangwi ninaousema.

Nyota_Section58 · saa 3:04 usiku

Zipo za kuunganishwa mbili pamoja.

Fundi_Kondele · saa 3:06 usiku

Zipo. Aulize bei yake kwanza kwa hizo 35,000.

Kijana_wa_Maseno · saa 3:15 usiku

Katibu, Jumamosi nitakuja. Nauli najilipia. Usitume kiungo kwenye lile kundi kubwa la kijiji, mtume mwanachama mmoja mmoja, na uweke nenosiri. Mkizungumzia bei ya kipande cha barabarani madalali watataka kusikia.

Binti_wa_Minneapolis · Alhamisi, saa 4:20 asubuhi

Katibu, hata kama si ukoo wangu, Jumamosi sina zamu. Nitumie kiungo nikusaidie kupima upande wa huku kama sauti ya ukumbi inafika. Niombe tu uketishe mama mmoja mwenye sauti ya chini benchi la mwisho, umpe maiki, aseme chochote. Mama yangu huongea hivyo, na kwenye mikutano yetu huwa simsikii kamwe.

Katibu_wa_Ukoo · Alhamisi, saa 4:41 asubuhi

Nitafanya hivyo. Nitampa kukhu wangu, yaani bibi yangu. Saa ya mkutano wenyewe bado hatujaafikiana.

Mkulima_Njoro · Alhamisi, saa 6:12 mchana

Samahani kuingilia. Hiyo runinga ya inchi 43, aliye benchi la tano ataona nini? Kuna mtu hapa anauza projekta iliyotumika, niko Njoro lakini naweza kufika Nakuru mjini Jumatatu?